Soma Jina la Upasuaji Kuanzia Mkiani

Mwanamke mwenye uvimbe kwenye kizazi anawekewa mbele yake fomu ya ridhaa yenye neno mayomektomi. Mwenzake wa kitanda cha pili, mwenye uvimbe kama huo, anawekewa fomu yenye neno histerektomi. Maneno yote mawili ni marefu, yote ni ya kigeni, yote yanaishia vilevile, na wote wawili wanayasoma wakiwa na maumivu na hofu. Lakini wa kwanza atatolewa uvimbe tu na kizazi chake kitabaki. Wa pili atatolewa kizazi chenyewe, na hatabeba mimba tena. Tofauti hiyo kubwa imo ndani ya neno, na inaonekana wazi kwa anayejua pa kutazama.

Makala haya yanaonyesha pa kutazama. Yanamfaa mgonjwa, ndugu anayemuuguza, mwanafunzi wa uuguzi au utabibu anayeanza masomo, na mkalimani anayesimama kati ya daktari na mgonjwa, awe Dar es Salaam, Bukavu au katika hospitali ya Marekani inayopokea wakimbizi wanaosema Kiswahili. Hayachukui nafasi ya maelezo ya daktari. Yanakuwezesha kuyafuata maelezo hayo, na kuuliza swali sahihi kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kwa nini Kigiriki?

Vitabu vya kale vya tiba vilivyoongoza matabibu kwa karne nyingi viliandikwa kwa Kigiriki. Hippocrates wa kisiwa cha Kos aliishi karne ya 5 kabla ya Kristo. Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, Herophilus alikuwa akipasua maiti na kuvipa majina viungo vya ndani, naye alifanya kazi hiyo Alexandria, katika ardhi ya Misri. Galen akafuata katika karne ya 2 baada ya Kristo. Kazi za Galen zilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na mtafsiri mkubwa kuliko wote alikuwa Hunayn ibn Ishaq. Kwa njia ya Kiarabu, Kigiriki kiliwahi kutufikia hata sisi: balghamu tunayoikohoa imetokana na neno la Kigiriki lililopita kwa Waarabu.

Hata hivyo, majina mengi ya upasuaji unayoyaona leo ni ya karne ya 19 na kuendelea. Baada ya etha kutumiwa hadharani kumlaza mgonjwa mjini Boston mwaka 1846, na Joseph Lister kuchapisha mwaka 1867 njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda kwa asidi ya kaboliki, madaktari wakaanza kuthubutu kuingia tumboni, kifuani na kwenye ubongo. Kila upasuaji mpya ulihitaji jina, na jina lilijengwa kwa vipande vya Kigiriki, mara nyingine vikichanganywa na Kilatini. Hiyo ndiyo faida yako. Maneno yaliyojengwa kwa makusudi yana utaratibu, na utaratibu hujifunzwa.

Kanuni kuu: anza mwishoni

Msemaji wa Kiswahili tayari ana ujuzi huu. Funga, fungua, fungia, fungisha: mzizi ni mmoja, lakini mwisho wa neno ndio unaosema mlango umefanywa nini. Maneno ya upasuaji yanafanya kazi hivyohivyo. Mwanzo wa neno hutaja kiungo, na mwisho hutaja kitakachofanyika kwa kiungo hicho. Kwa hiyo usihangaike kulitamka neno zima. Ruka hadi mwisho, tambua kitendo, kisha rudi mwanzoni utafute kiungo.

Katika hospitali zinazotumia Kiingereza, miisho hii huandikwa kwenye faili kwa tahajia ya Kiingereza. Nitaitaja tahajia hiyo mara moja kwa kila mwisho ili uitambue kwenye karatasi, kisha nitaendelea kwa tahajia yetu.

Mikia mitatu ya kisu

Ukijua hii mitatu peke yake, tayari umepata sehemu kubwa ya somo.

*-tomi*, inayoandikwa -tomy. Maana yake ni kukata au kufungua. Kisu kinaingia, kazi inafanyika, jeraha linashonwa, na kiungo kinabaki mahali pake. Laparotomi ni kufungua tumbo. Torakotomi ni kufungua kifua. Episiotomi ndiyo ile wakunga wanayoiita kuongeza njia wakati wa kujifungua. Histerotomi ni kukata ukuta wa kizazi, kama inavyofanyika mtoto anapotolewa kwa upasuaji, na mama anaweza kuzaa tena.

*-ektomi*, inayoandikwa -ectomy. Ndani yake mna -tomi ileile, ila imetanguliwa na *ek*, yaani nje. Ni kukata na kutoa. Apendektomi ni kutoa kidole tumbo. Tonsilektomi ni kutoa mafindofindo. Mastektomi ni kutoa titi, nefrektomi ni kutoa figo, splenektomi ni kutoa bandama, thairoidektomi ni kutoa tezi la shingo, kwa mfano lililovimba kwa goita.

Kila unapoona *ek*, uliza mambo mawili: kinatoka nini, na mwili utaishije bila hicho? Swali la pili lina majibu ya kweli. Aliyetolewa bandama hubaki na kinga dhaifu dhidi ya baadhi ya bakteria, kwa hiyo anahitaji chanjo, na homa yoyote anapaswa kuiwahisha hospitali. Aliyetolewa tezi lote la shingo atameza vidonge vya homoni maisha yake yote. Aliyetolewa figo moja anaweza kuishi vizuri ikiwa la pili ni zima. Mambo haya huulizwa kabla ya upasuaji, si baada ya kurudi nyumbani.

*-stomi*, inayoandikwa -stomy. Asili yake ni *stoma*, mdomo. Hapa daktari hafungui na kufunga. Anatengeneza mdomo mpya utakaobaki wazi, kwa muda au moja kwa moja. Trakeostomi ni tundu shingoni la kupitishia pumzi. Gastrostomi ni tundu kwenye mfuko wa chakula la kupitishia mpira wa kulishia, kwa mfano kwa mgonjwa ambaye saratani imeziba koo lake la chakula. Kolostomi ni kuutoa utumbo mpana hadi kwenye ngozi ya tumbo, na choo kikapokewa na mfuko unaobandikwa hapo.

Kati ya -tomi na -stomi kuna herufi moja tu. Mtoto aliyemeza kitu kikakwama anaweza kufanyiwa gastrotomi: mfuko wa chakula unafunguliwa, kitu kinatolewa, unashonwa, basi. Gastrostomi inamaanisha ataondoka wodini na mpira tumboni. Itafute hiyo *s*.

Sasa tuione mikia hii kwenye kiungo kimoja, utumbo mpana, ambao mzizi wake ni *kolo-*. Kolotomi: utumbo umekatwa, ukashughulikiwa, ukashonwa. Kolektomi: kipande cha utumbo, au wote, kimetolewa. Kolostomi: utumbo umepewa mdomo tumboni. Kolonoskopi: hakuna kilichokatwa ili kuingia, kamera imepitishwa njia ya haja kubwa kuutazama utumbo kwa ndani. Mgonjwa mmoja anaweza kupitia zaidi ya moja. Mwenye saratani ya utumbo huenda akaanza na kolonoskopi, akafanyiwa kolektomi, na papo hapo akapewa kolostomi. Mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa mara nyingi hupewa kolostomi kwanza apate kuishi na kukua, kisha hutengenezewa tundu, na mwisho kolostomi hufungwa. Mzazi anayejua kwamba -stomi inaweza kuwa ya muda atauliza: itafungwa lini? Swali hilo peke yake huondoa hofu kubwa.

Ukiona viungo viwili kabla ya -stomi, maana yake mdomo umetengenezwa kati ya viungo hivyo viwili, si kwenye ngozi. Gastroenterostomi ni kuunganisha mfuko wa chakula na utumbo, ili chakula kipite mahali palipoziba. Mwaka 1881 mjini Vienna, Theodor Billroth alifanikiwa kutoa sehemu ya mfuko wa chakula wa mgonjwa mwenye saratani, yaani gastrektomi. Mwaka huohuo msaidizi wake Anton Wölfler akafanya gastroenterostomi. Ukisoma mikia ya maneno hayo mawili, unajua mara moja kwamba mwalimu alitoa na mwanafunzi aliunganisha.

Mikia ya kutengeneza

*-plasti*, inayoandikwa -plasty, imetokana na kufinyanga. Ni kutengeneza upya umbo au kazi ya kiungo. Artroplasti ni kutengeneza kiungo cha mwili kilicholika, mara nyingi kwa kuweka nyonga au goti la bandia. Palatoplasti ni kuziba kaakaa lililopasuka la mtoto. Hernioplasti ni kurekebisha ngiri kwa kuimarisha ukuta wa tumbo, aghalabu kwa wavu maalumu.

*-rafi*, inayoandikwa -rrhaphy, ni kushona. Herniorafi ni kurekebisha ngiri kwa kushona misuli yenyewe. Usiichanganye na *-grafi*, inayoandikwa -graphy, ambayo ni kupiga picha au kuandika vipimo. Mamografi ni kupiga picha ya matiti. Hakuna sindano wala uzi. Kwenye karatasi tazama kama kuna *g* au *r* mbili.

*-peksi*, inayoandikwa -pexy, ni kukifunga kiungo mahali pake kisihame. Mtoto wa kiume ambaye korodani yake haikushuka hufanyiwa orkidopeksi: korodani inashushwa na kushikizwa ndani ya pumbu. Hakuna kinachotolewa. Inapendekezwa ifanyike mtoto akiwa bado mdogo, kwa kawaida kabla hajatimiza miezi 18, kwa hiyo mzazi asingoje akidhani itashuka yenyewe ukubwani.

*-desisi*, inayoandikwa -desis, ni kuunganisha mifupa ya kiungo ishikane isikunjike tena. Artrodesisi ya kifundo cha mguu huondoa maumivu, lakini kifundo hakitapinda kama zamani. Hapa *artro-* ni ileile ya artroplasti. Mkia ndio unaoamua kama kiungo kitaendelea kukunjika.

Mfano mzuri wa mikia hii ikifuatana ni majeraha ya kichwa, yale tunayoyaona sana kwa ajali za bodaboda. Kraniotomi: kipande cha fuvu kinafunguliwa, damu iliyoganda inatolewa, mfupa unarudishwa. Kraniektomi: mfupa unaachwa nje kwa muda kwa sababu ubongo umevimba na unahitaji nafasi. Kranioplasti: baada ya uvimbe kupungua, fuvu linazibwa tena. Ndugu aliyeambiwa kraniektomi ajue kwamba chini ya ngozi ya kichwa cha mgonjwa wake pana sehemu isiyo na mfupa, isiyopaswa kugongwa wala kulaliwa, na kwamba kuna upasuaji mwingine mbele. Hilo lote limo katika *ek*.

Mikia ya kutazama, kutoboa na kuvunja

*-skopi*, inayoandikwa -scopy, ni kutazama kwa chombo. Sistoskopi hutazama kibofu cha mkojo, histeroskopi hutazama ndani ya kizazi, laparoskopi hutazama ndani ya tumbo kwa kupitia matundu madogo. Angalia: kutazama huku kunaweza kuandamana na kutibu. Watu wengi hutolewa mfuko wa nyongo kwa laparoskopi. Ukiona -skopi, uliza kama ni kutazama tu au kuna kitakachofanywa humohumo.

*-sentesisi*, inayoandikwa -centesis, ni kutoboa kwa sindano ili kutoa majimaji. Torasentesisi hutoa maji yaliyojaa kuzunguka pafu, na hufanywa sana kwa wagonjwa wa kifua kikuu.

*-tripsi*, inayoandikwa -tripsy, ni kusaga. Lithotripsi huvunja mawe ya figo kwa mawimbi ya mshtuko yatoke na mkojo.

*-lisisi*, inayoandikwa -lysis, ni kulegeza au kutenganisha. Hemodayalisisi, ile ya kusafisha damu kwa mashine, ina mkia huu: uchafu unatenganishwa na damu.

Mikia ya ugonjwa

Kabla ya upasuaji huja jina la ugonjwa, nalo lina mikia yake.

*-itisi*, -itis, ni uvimbe wenye joto na maumivu, unaosababishwa na vijidudu au na kitu kingine. Apendisitisi ni ya kidole tumbo. Hepatitisi ni ya ini, nayo inaweza kuletwa na virusi, pombe au dawa. Mkia hausemi chanzo, kwa hiyo kiulize.

*-osisi* na *-iasisi*, -osis na -iasis, ni hali ya ugonjwa. Kichocho huitwa skistosomiasisi, matende huitwa elefantiasisi, na mawe kwenye mfuko wa nyongo huitwa kolelithiasisi.

*-algia* ni maumivu: nyuralgia ni ya mishipa ya fahamu. *-emia* ni jambo la damu: anemia ni upungufu wa damu. *-uria* ni jambo la mkojo: hematuria ni kukojoa damu, dalili ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wanaijua kwa kichocho.

*-oma* ndiyo inayotisha watu kuliko zote, na inastahili tuikalie. Maana yake ya kawaida ni uvimbe. Lipoma ni uvimbe wa mafuta usio na madhara. Mayoma ni uvimbe wa msuli wa kizazi, ule tuuitao fibroidi, na kwa kawaida si saratani. Lakini kasinoma na sakoma ni saratani, na limfoma na melanoma pia ni saratani ijapokuwa majina yao hayapigi kelele. Tena ziko zenye -oma ambazo si uvimbe wa namna hiyo kabisa: hematoma ni damu iliyojikusanya, trakoma na glaukoma ni magonjwa ya macho. Mkia huu usiutumie kujihukumu. Ukiuona, swali ni moja: majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yanasemaje?

*-seli*, inayoandikwa -cele, ni uvimbe wa kufura au kujitokeza. Haidroseli ni busha, ambalo katika pwani yetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, mara nyingi huletwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu.

Mizizi ya kuanzia

Ukishaujua mkia, unahitaji viungo. Hivi ndivyo vinavyokutana nawe mara nyingi:

- *gastro-*: mfuko wa chakula
- *entero-*: utumbo
- *kolo-*: utumbo mpana
- *hepato-*: ini
- *kole-*: nyongo
- *sisto-*: kibofu au mfuko
- *nefro-*: figo
- *histero-*: kizazi
- *salpingo-*: mrija wa uzazi
- *oforo-*: kifuko cha mayai, yaani ovari
- *masto-*: titi
- *orkido-*: korodani
- *torako-*: kifua
- *kranio-*: fuvu
- *artro-*: kiungo kinachokunjika
- *osteo-*: mfupa
- *mayo-*: msuli
- *litho-*: jiwe
- *haidro-*: maji
- *hemato-* na *hemo-*: damu

Baadhi ya viungo vina majina mawili, moja la Kigiriki na jingine la Kilatini. Titi ni *masto-* katika mastektomi, lakini ni *mamo-* katika mamografi. Ovari ni *oforo-* katika jina la kuitoa, lakini vipimo vyake vitaitwa vya ovari. Kiungo ni kilekile. Usidhani umeambiwa ugonjwa wa pili.

Kulifumua neno refu

Chukua haidroselektomi. Mwishoni, -ektomi: kutoa. Kabla yake, -seli: uvimbe. Mwanzoni, haidro-: maji. Ni upasuaji wa kuondoa busha. Neno halitaji korodani popote, na kweli haitolewi. Kinachoondolewa ni maji na sehemu ya ngozi nyembamba iliyokuwa ikiyazingira. Wanaume wengi hukaa na busha kwa miaka kwa kuhofia kuhasiwa, na jibu la hofu hiyo limo ndani ya jina la upasuaji wenyewe.

Chukua kolesistektomi. Kutoa; mfuko; nyongo. Ni kutoa mfuko wa nyongo. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, na chakula kitaendelea kusagwa.

Sasa rudi kwa mayomektomi. Mwishoni, -ektomi: kutoa. Katikati, -oma: uvimbe. Mwanzoni, mayo-: msuli. Kinachotolewa ni uvimbe wa msuli. Na histerektomi: kutoa, kizazi. Histero- iliyosimama peke yake mbele ya -ektomi haiachi shaka. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kupendekeza histerektomi: uvimbe mwingi mno, damu isiyokatika, umri, au saratani. Lakini sababu hiyo mwanamke aisikie kwa lugha anayoielewa, na aseme kama bado anataka kuzaa, kabla ya kutia sahihi. Pia aulize kuhusu ovari. Histerektomi haitaji ovari. Zikitolewa pamoja na mirija, fomu itaongeza salpingo-oforektomi, na mwanamke ambaye hajafikia ukomo wa hedhi ataufikia ghafla, kwa joto la mwili na jasho la usiku.

Pale neno lisipotosha

Vasektomi inawatisha wanaume kwa sababu ya -ektomi. Soma kiungo kilichotajwa: *vas*, neno la Kilatini, ni mrija wa kupitishia mbegu. Kinachokatwa ni mrija huo, na mara nyingi kipande kifupi chake hutolewa. Korodani zinabaki, homoni zinabaki, nguvu za kiume zinabaki. Kutoa korodani kuna jina lake, orkidektomi, na maneno hayo mawili hayapaswi kuchanganywa.

Laparotomi inasema tumbo litafunguliwa, lakini haisemi litafanywa nini ndani. Mara nyingi ndivyo ilivyo kweli: baada ya ajali au utumbo kutoboka, daktari hajui atakachokuta. Uliza: mkikuta nini mtafanya nini? Na kuna kitu ambacho hamtakitoa bila kuniuliza?

Majina ya zamani hayafuati kanuni daima. Mwaka 1809 huko Danville, Kentucky, Ephraim McDowell alimtoa Jane Todd Crawford uvimbe mkubwa wa ovari bila ganzi yoyote, miaka 37 kabla ya etha ya Boston. Crawford alipona na kuishi hadi 1842. Upasuaji wa namna hiyo uliitwa ovariotomi kwa muda mrefu wa karne ya 19, ingawa kilichofanyika kilikuwa ni kutoa. Hata leo wapo madaktari wanaotumia trakeotomi na trakeostomi kwa maana ileile. Neno linakupa swali zuri. Jibu la mwisho linatoka kwa daktari.

Vifupisho ni hatari zaidi ya maneno marefu, kwa sababu mkia umekatwa. Ukiona herufi tupu, omba jina kamili liandikwe. Vivyo hivyo kwa mwandiko usiosomeka. Na mwanzo wa neno nao unaweza kuchanganya: katika kisukari chunga *haipa-*, juu, na *haipo-*, chini: haipoglaisemia ni sukari kushuka, na mgonjwa huyo anahitaji kitu chenye sukari upesi, si sindano ya insulini.

Jizoeze

Funika majibu ufumue maneno haya: nefrolithotomi, osteotomi, salpingektomi, sistostomi, hepatomegali.

Majibu: kufungua figo ili kutoa jiwe; kukata mfupa, kwa mfano kunyoosha mguu uliopinda; kutoa mrija wa uzazi, jambo linalofanyika sana mimba ikitunga ndani ya mrija; kukipa kibofu mdomo tumboni ili mkojo utoke; na ini kuwa kubwa kupita kawaida, kwa sababu *-megali* ni ukubwa. Mwanafunzi anayefumua maneno machache kila siku kwa namna hii hatahitaji kukariri kamusi nzima.

Kabla ya kutia sahihi

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Kipengele cha kwanza, kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha: yeye ni nani, anapasuliwa wapi, anafanyiwa nini, na kwamba ameridhia. Jiandae kwa wakati huo kwa maswali haya:

1. Mkia wa neno hili unasema nini: kufungua, kutoa, kutengeneza mdomo, kushona, au kutazama?
2. Ni kiungo gani, na upande gani? Kulia, kushoto, au pande zote mbili?
3. Ni chote au sehemu?
4. Kuna jina jingine kwenye fomu ambalo sijaelezwa?
5. Nitaishije baada yake: dawa, mfuko, mpira, uzazi, kazi?
6. Kuna njia nyingine?

Kisha sema mwenyewe kwa Kiswahili: “Daktari, nimeelewa kwamba mtanitoa uvimbe na kizazi kitabaki. Ni sawa?” Daktari akisema ndiyo, tia sahihi. Akisita, au maneno yake yasipolingana na fomu, weka kalamu chini hadi vilingane. Ikiwa ni dharura na muda hauruhusu maswali yote, ndugu aulize la kwanza na la pili. Hayo mawili hayachukui hata dakika moja, na mgonjwa ana haki ya kuyajibiwa.